Mwalimu, Kambi Muru Nako Ni Kwao Mtu

Kuna insha moja ambayo yamkini kila mtoto aliyepitia shule ya msingi katika nchi hii ya Kenya aliwahi kuagizwa aiandike. Zamani iliitwa "Wilaya Yetu". Baada ya katiba mpya kuidhinishwa mwaka wa 2010, na serikali za kaunti kuanza kazi mwaka wa 2013, ikageuzwa jina ikawa "Kaunti Yetu". Jina limegeuka, mtindo ni ule ule. Mwanafunzi hutakiwa ataje mipaka, milima, mito, majira ya mvua, mazao ya chakula na ya biashara, idadi ya watu na chimbuko lao, kisha atie tamati kwa kusifu bidii ya wenyeji. Si insha mbaya. Mimi mwenyewe niliiandika nikiwa mtoto wa mashambani, nikapata alama nzuri, na hata leo naweza kuitaja mito ya wilaya yetu ya zamani nikiwa nimefumba macho.

Lakini insha hiyo hiyo ndiyo iliyonifanya nimtendee mtoto mmoja jambo ambalo bado linanisumbua.

Ilikuwa mwaka wa 2003. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza mwezi wa Januari mwaka huo, na madarasa yakafurika watoto kama gunia lililojazwa kupita kiasi. Mimi, kijana ambaye hata shahada ya pili sikuwa nimeianza, nilijitolea kufundisha Kiswahili katika shule moja isiyo mbali na Kibera. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya tisini. Niliwaagiza waandike kuhusu wilaya yao. Wengi wakaandika habari za Siaya, Kakamega, Machakos na Kisii, wengine kwa ufasaha, wengine kwa kubahatisha. Binti mmoja wa Kinubi akaandika habari za Kambi Muru.

Aliandika kwamba kwao ni Kambi Muru, Kibera. Alitaja vijiji wanavyopakana navyo, akataja bonde na mto ulio chini, akasema kwamba wao hawalimi chochote lakini babu yake alipokuwa mdogo palikuwa na mahindi, mihogo na ng'ombe. Kuhusu idadi ya watu aliandika sentensi moja tu: "Watu ni wengi na wote wanajuana." Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika chini: "Umetoka nje ya mada. Eleza wilaya ya kwenu." Nikampa 9 kwa 40.

Alikuja mezani pangu na daftari lake. "Mwalimu, kwetu ni hapa. Hatuna kwingine." Nami, kwa ujuba wa ujana, nikamjibu kwamba kila mtu ana kwao, na kwamba aende akamwulize babake. Juma lililofuata alileta insha nyingine. Ilikuwa juu ya Siaya. Ilikuwa na Ziwa Viktoria, Mto Yala, samaki na mtama. Kwa hakika alikuwa ameinakili kutoka kwa jirani yake wa dawati, kwa maana huko Siaya hakuwa amewahi kukanyaga wala hakuwa na mtu. Nikampa 28.

Ndugu msomaji, nimekaa katika taaluma ya isimu zaidi ya miaka ishirini tangu siku hiyo, na kila nikirudia majina ya mahali katika utafiti, naona jinsi insha ile ya kwanza ilivyokuwa ya kweli na ile ya pili ilivyokuwa ya uongo, na jinsi nilivyoutunuku uongo. Hoja yangu leo ni kwamba Kambi Muru ina historia, ina jiografia na ina watu, kama kaunti yoyote ya mashambani. Na kwamba mwalimu anayemlazimisha mtoto wa huko kutafuta kwao mahali pengine anafanya kazi ambayo makarani wa uandikishaji waliwafanyia Wanubi kwa miaka mingi, nayo haikuwa kazi ya heshima.

Nianze na majina, kwa kuwa ndiyo riziki yangu.

Kibera si neno la Kiswahili, wala la Kikuyu, wala la Kimaasai. Linatokana na *kibra*, neno la Kinubi lenye maana ya msitu au kichaka. Kinubi chenyewe ni krioli: lugha iliyozaliwa kambini baina ya askari wa makabila mengi, msamiati wake mwingi ukitokana na Kiarabu cha Sudan, sarufi yake ikiwa imejijenga upya. Mwaka wa 1982 mwanaisimu Mjerumani Bernd Heine alichapisha kitabu kizima kuhusu Kinubi cha Kibera. Huko ng'ambo kuna wanafunzi wa vyuo vikuu ambao walikisoma kabla ya kujua Kibera iko upande gani wa Nairobi. Huku kwetu kuna wanafunzi wanaoishi kilomita mbili kutoka Makina wasiojua kwamba kuna lugha iitwayo Kinubi. Nimewahi kuwafundisha.

Sasa tutazame vijiji. Wazee wa Kinubi wanayo majina matatu yanayofanana kwa umbo: Kambi Aluru, Kambi Lendu na Kambi Muru. Mwanaisimu akiona majina matatu yenye kichwa kimoja, hutafuta iwapo yana mkia wa aina moja. Aluru hawana fumbo: ni Waaluru, watu wa magharibi ya Mto Naili ya Uganda na wa Ituri huko Kongo. Walendu nao ni watu wa Ituri, magharibi ya Ziwa Albert. Basi Muru ni nani? Kwa maoni yangu ni Wamoru, watu wa Ikwatoria ya Magharibi katika nchi ambayo tangu 2011 yaitwa Sudan Kusini, ambao lugha yao ni ya jamii moja na Kilendu. Tofauti ya *o* na *u* isimtie mtu wasiwasi. Katika hati za Kiarabu, ambazo ndizo walizozijua masheikh na makarani wa askari hao, sauti hizo mbili huandikwa kwa herufi moja, nayo ni wau. Anayeshikilia kwamba Muru alikuwa jina la mtu fulani aliyeongoza kambi hiyo anastahili kusikilizwa, lakini itambidi aeleze kwa nini kambi mbili nyingine ziliitwa kwa jina la kabila, na hii moja ikaitwa kwa jina la mtu.

Je, watu wa Moru, Lendu na Aluru walifikaje kwenye kichaka kilicho kilomita tano hivi kutoka katikati ya Nairobi? Hapo ndipo historia inapoingia. Mwaka wa 1891 Kapteni Frederick Lugard, akiitumikia Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alikwenda hadi Kavalli, kusini-magharibi ya Ziwa Albert, akawachukua askari waliosalia wa Emin Pasha, gavana wa Ikwatoria aliyekatikiwa na serikali yake ya Misri baada ya uasi wa Mahdi. Askari hao walikuwa mamia, na nyuma yao walifuata maelfu ya wake, watoto na watumishi waliochukuliwa au kujiunga nao katika nchi za Naili ya juu. Itazame ramani, mwalimu, uone Kavalli iko karibu na nani. Iko karibu na Walendu na Waaluru. Majina yaliyoko Kibera yamehifadhi njia waliyopitia, miaka zaidi ya mia moja baada ya nyayo zao kufutika.

Askari hao na watoto wao waliingia katika jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka wa 1902, wakawapigania Waingereza. Kuanzia 1904 wale waliostaafu wakaanza kupewa mahali pa kukaa katika msitu huo, kwa idhini ya jeshi. Mwaka wa 1917 eneo likapimwa likapatikana kuwa ekari 4,197, na mwaka wa 1918 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Kuna kijiji kingine huko kiitwacho Lindi. Lindi ni mji wa pwani ya kusini ya Tanzania, na ni katika sehemu hizo ambako askari wa KAR walipigana na Wajerumani mwaka wa 1917, katika mapambano makali kupita kiasi. Sitashangaa ikithibitishwa kwamba mkongwe fulani alirudi na jina hilo kifuani badala ya nishani. Na Laini Saba, wazee husimulia, ilikuwa "laini ya shabaha", uwanja ambako askari walijifunza kulenga. Kisha masikio ya wageni yakaisikia shabaha kuwa saba. Mabadiliko ya namna hiyo ni ya kawaida mno, nami huwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza mfano huo kabla ya mwingine wowote.

Palikuwa mashambani, basi. Hilo ndilo jambo ambalo binti yule aliliandika nami nikalifuta kwa wino mwekundu. Ekari 4,197 ni sawa na kilomita 17 za mraba za msitu, malisho na mashamba. Katika jina la Sarang'ombe hata leo ng'ombe wamo ndani, ingawa mtu atatembea siku nzima asione kwato. Babu yake hakumdanganya. Mji ndio uliokwenda Kibera, ukaikuta imetulia.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapitia upesi. Mwaka wa 1928 jeshi likakabidhi eneo hilo kwa utawala wa kiraia. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 1934, ikawaona Wanubi kuwa wapangaji kwa hisani ya serikali, si wenye ardhi. Mitaa ikamegwa kutoka katika hifadhi, kabla ya uhuru na baada yake: Woodley, Jamhuri, Ayany, Olympic, Fort Jesus. Wakaja watu kutoka kila pembe ya nchi kutafuta kazi, wakapanga vyumba. Wao nao wakaleta majina: Kisumu Ndogo, ambalo halihitaji mwalimu, Kianda, ambalo kwa Kikuyu ni bonde, Soweto, jina lililovuka kutoka Afrika Kusini, na Raila, kwa heshima ya marehemu Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata, eneo lililoijumuisha Kibera, kuanzia 1992 hadi 2013. Kila tabaka la watu limeacha tabaka la majina, na anayeyasoma kwa utaratibu husoma historia ya Kenya nzima katika mahali ambapo hana haja ya kulipa nauli.

Mwezi wa Juni mwaka wa 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi wa Kibra hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Mwanafunzi wa hisabati na agawanye 288 kwa 4,197. Atapata chini kidogo ya asilimia saba. Walioshangilia siku hiyo walikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa walikuwa wamengoja zaidi ya karne. Lakini hesabu nayo ina haki ya kusemwa.

Sasa turudi kwa neno nililolitumia kumwumiza mtoto: "kwenu". Sarufi ya Kiswahili imetupa maneno mazuri ya kumweka mtu mahali pake: kwetu, kwenu, kwao. Mtu ana nyumba na mtu ana nyumbani, na Mkenya husikia tofauti kubwa kati ya hayo mawili kuliko kamusi inavyomruhusu. Nyumba ni Nairobi. Nyumbani ni mashambani, ama ushago kama vijana wasemavyo. Tofauti hiyo ilifika hadi Mahakama ya Rufani mwaka wa 1987, katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema kwamba Mjaluo huko mjini huwa na nyumba tu, na kwamba nyumbani kwake ni alikozaliwa. Maiti ilikaa miezi mitano bila kuzikwa. Ukoo ukashinda, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya. Wengi tuliokua katika miaka hiyo tulifunzwa na kesi hiyo, bila kujua kwamba tunafunzwa, kuwa mji hauwezi kuwa kwao mtu.

Siilaumu mila ya Wajaluo wala ya mtu yeyote. Mwenye kwao mbili ana baraka mbili. Ninalolipinga ni kuigeuza mila ya baadhi kuwa kanuni ya wote, kisha kuitia katika daftari la shule na katika fomu ya serikali. Kwa maana katika fomu ndiko ilikoumiza zaidi. Kitambulisho tulichokuwa nacho kwa miaka mingi kilikuwa na nafasi ya wilaya, tarafa, lokesheni na kata ndogo. Mtoto wa Kisii alipotimiza miaka 18 alizijaza akaenda zake. Kijana wa Kinubi aliulizwa: wilaya yenu ni ipi? Akisema Kibera, karani alimtazama kama mimi nilivyomtazama binti yule. Akatakiwa afike mbele ya kamati ya kumsaili, alete hati za baba, hati za babu, kiapo mbele ya wakili. Wengine walingoja miaka. Asiyekuwa na kitambulisho hakuweza kupiga kura, kufungua akaunti ya benki wala kuajiriwa kwa njia halali.

Jambo hilo lilifikishwa mbele ya Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, nayo mnamo Machi 2011 ikaamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki ya watoto wa Kinubi ya kuandikishwa wanapozaliwa na kuwa na uraia. Mwaka wa 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu nayo ikawapa haki Wanubi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa bunduki siku ya kwanza, wakapewa jembe siku ya tatu, na baada ya miaka mia moja bado waliulizwa wanaondoka lini.

Nije katika idadi ya watu, sehemu ya insha ambayo walimu huipenda kwa kuwa ni rahisi kusahihisha. Kwa miaka mingi ilisemwa, katika magazeti, katika mikutano na katika maombi ya misaada, kwamba Kibera ina watu milioni moja, na kwamba ndio mtaa mkubwa zaidi wa mabanda barani Afrika. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Sensa iliyofanyika usiku wa tarehe 24 Agosti 2009 ilipotangazwa mwaka uliofuata, vijiji vya Kibera vilikutwa na watu 170,070. Zogo likazuka. Wengine walidai kwamba watu walifichwa. Wengine walifurahi kuwaumbua wanaoishi kwa kuuza umaskini wa wenzao. Waliojaribu kuhesabu kwa njia nyingine, kijiji baada ya kijiji au kwa picha za setilaiti, walipata makadirio yaliyozidi ya serikali, lakini hakuna aliyeikaribia hata nusu ya milioni hiyo.

Sensa ya 2019 ikaipa kaunti ndogo ya Kibra watu 185,777, katika eneo la takriban kilomita 12 za mraba. Wastani ni watu elfu kumi na tano na zaidi kwa kilomita moja. Ukilinganisha na Mathare, iliyokuwa na watu 206,564 katika kilomita tatu tu, utadhani Kibra ni mahali pa kunyoosha miguu. Hapo ndipo mwalimu wa jiografia anapopaswa kusimama na kueleza wastani ni mnyama wa namna gani. Mpaka wa kaunti ndogo umekusanya pamoja mabanda ya Lindi na nyumba za Woodley, na wadi mojawapo ya eneobunge la Kibra ina uwanja wa gofu ndani ya jina lake lenyewe. Nyasi za gofu zikitandazwa juu ya vyumba vya mabati, hesabu hupumua.

Kwa kulinganisha, Siaya, ile kaunti ambayo binti yule aliinakili, ilikuwa na watu 993,183 mwaka huo wa 2019 katika takriban kilomita 2,500 za mraba. Na Vihiga, kaunti ya mashambani isiyo na shaka, ilikuwa na watu 590,013 waliosongamana zaidi ya elfu moja kwa kila kilomita. Mwanafunzi wa Kambi Muru akizijua takwimu za kwao na za Vihiga, anaweza kuuliza swali la maana: shamba huacha kuwa shamba lini, na mji huanza wapi? Swali hilo sijawahi kulikuta katika kitabu cha kiada.

Kuna jambo jingine kuhusu sensa ambalo wanafunzi hulifurahia wakielezwa. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku ule. Haimwulizi moyo wake uko wapi. Mfanyakazi wa kiwandani anayesema kwao ni Kakamega, naye amelala Kambi Muru, ni mtu wa Kambi Muru katika hesabu ya maji, ya zahanati na ya madarasa. Akikataa kujihesabu huko kwa kuwa "hapa si kwetu," au akisafiri makusudi kwenda kuongeza idadi ya kaunti ya babake, amemnyima mwanawe dawati katika shule ambayo mtoto huyo atakwenda Jumatatu. Kupanga kwa serikali hufuata usingizi.

Jiografia nayo haijasimama. Vijiji vimeshuka mteremko kuelekea bonde la mto ambao wakubwa wa ramani huuita Motoine kabla haujaingia katika Bwawa la Nairobi, na Ngong ukishatoka. Bwawa hilo lilichimbwa mwaka wa 1953 na watu waliliendea kwa mashua za matanga kujistarehesha. Kisha tope, taka na magugu yakalivamia. Reli ya Uganda inapita katikati, na watoto hujua saa kwa honi ya gari moshi. Mwezi wa Julai mwaka wa 2018 matingatinga yaliingia kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Makadirio ya wakati huo yalikuwa kwamba watu wapatao 30,000 walipoteza makao, na shule kadhaa zilibomolewa. Kuna watoto waliokwenda shule Ijumaa, na Jumatatu wakakuta barabara. Kama hilo si badiliko la sura ya nchi, kwa maana ile ile tunayotumia tukifundisha mmomonyoko wa udongo, basi sijui ni nini.

Wapo watakaoniambia kwamba kuwafundisha watoto waipende Kambi Muru ni kuwafundisha waupende umaskini. La hasha. Mtoto anayejua kwamba kijiji chake kiliasisiwa na watu waliotoka Ziwa Albert, kwamba kilipimwa ekari 4,197 na kubakishiwa 288, kwamba mto wake ulikuwa na maji safi na bwawa lake mashua, hatakipenda choo kinachofurika. Atauliza ni nani aliyekubali kifurike. Yule tunayemfundisha kwamba hapa ni pa kupitia tu ndiye atakayepita kimya.

Wapo pia walimu wenzangu watakaosema kwamba mtaala hauwapi nafasi. Wamekosea kidogo. Katika Mtaala wa Umilisi mwanafunzi wa Gredi ya 4 husoma kaunti yake katika Masomo ya Jamii, na kwa mtoto wa Kibera kaunti hiyo ni Nairobi, hata babake akitaka isiwe. Ni kweli kwamba Nairobi ya vitabuni ni bunge, jumba la KICC na mbuga ya wanyama. Hakuna kinachomzuia mwalimu kuongeza Kambi Muru, au Kawangware akiwa upande wa Dagoretti. Hahitaji fedha. Na awatoe wanafunzi asubuhi moja, waanzie Makina, washuke bondeni kwa miguu, wakiandika kila jina la mahali wanalolisikia na lugha wanayodhani limetoka. Na waulize wazee, Wanubi kwa wasio Wanubi, kisha walete majibu yanayopingana, kwa maana yatapingana. Walimu wa Kiswahili wana bahati zaidi, maana hapo wana Kiswahili, Kinubi, Kijaluo, Kiluhya, Kikamba na Kikuyu katika kichochoro kimoja. Mwanafunzi wangu mmoja Mkamba alinikumbusha kwamba *silanga* kwao ni bwawa, na kijiji cha Silanga kipo karibu na bwawa. Nilikuwa nimelipita jina hilo miaka kumi bila kuliuliza.

Na mwalimu anapoagiza insha, naomba abadilishe neno moja tu katika kichwa chake. Badala ya kaunti "ya kwenu", aandike mahali "unapoishi". Anayeishi Kambi Muru na kuzikwa Siaya ataandika juu ya Kambi Muru mwezi huu na juu ya Siaya mwezi ujao, asipungukiwe na kitu. Anayeishi Kambi Muru na asiye na kwingine hatalazimika kuiba mto wa mwenzake.

Binti yule sasa ana miaka thelathini na kitu. Sijui aliko, na jina lake sitalitaja. Kwa hesabu ya kawaida, huenda ana mtoto wa Gredi ya 4, na huenda muhula huu mtoto huyo amekuja nyumbani na daftari, ameagizwa aandike "Kaunti Yetu", naye anamwuliza mamake aanze vipi.